Kabla hujatia saini: karatasi za mfumo wa kengele ya moto

Wiki mbili zilizopita Hajji mmoja mwenye jengo la ghorofa nne katikati ya Kampala alinipigia simu. "Injinia, mfumo wa moto umeshafungwa, kila kitu kiko sawa. Njoo utie saini tu, niombe kibali cha kutumia jengo."

Mimi si injinia. Hapa Uganda mhandisi ni yule aliyeandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mimi ni fundi wa kengele za moto na mifumo ya ulinzi, ninachora, ninafunga, ninajaribu. Ila Kampala ukionekana na multimita mkononi na kalamu mfukoni, uinjinia umeshapewa. Hilo nimelizoea. Lililonikaa rohoni ni lile "tu".

Nilikwenda. Paneli, yaani kisanduku kikuu cha kengele, ilikuwa inawaka taa ya kijani, haina hitilafu hata moja. Nikapanda hadi ghorofa ya tatu, nikainua macho darini: vihisi vya moshi vyote bado vimevaa vile vifuniko vya plastiki vinavyotoka navyo kiwandani kuzuia vumbi la ujenzi. Kihisi kilichofunikwa kinaitikia kama kawaida kwenye lupu, ule waya wa mzunguko unaounganisha vihisi na paneli, kwa hiyo paneli inaridhika, lakini moshi hakiuoni. Nikamwomba kijana aliyefunga anionyeshe michoro. Akatoa simu. Ilikuwa picha ya mchoro wa msanifu majengo, wa kabla ukuta wa stoo haujajengwa.

Sasa, saini niliyoombwa ni ya nini hasa? Kazi nyingi hapa kwetu maelekezo yake hutaja BS 5839-1, kiwango cha Uingereza, na nyingine NFPA 72 cha Marekani. Ukifuata BS, cheti si kimoja. Kuna cha usanifu, kuna cha ufungaji, kuna cha kuwasha na kujaribu, halafu mwenye jengo naye anatia saini kwamba amepokea. Anayesaini ufungaji anasema jambo moja: nimefunga kama nilivyochorewa. Hasemi mchoro ni sahihi. Kule Uingereza mpango wa SP203-1 wa BAFE, shirika linaloorodhesha kampuni za kinga ya moto, hupima kampuni kwa kila hatua kivyake, na aliyethibitishwa kwa matengenezo hajathibitishwa kwa usanifu.

Kwetu mafundi wengi huchanganya. Kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, kinakuruhusu kufanya kazi ya kufunga nyaya za umeme za daraja lako. Cheti cha DIT, kurugenzi ya mafunzo ya viwandani, kinasema umepimwa ufundi na umefaulu. Vyote ni vya heshima, lakini hakuna kinachosema unajua kuamua kihisi kikae wapi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali kabla ya jengo kutumika, na zimamoto wa Polisi wakija kukagua wataangalia kilichoko ukutani. Wewe fundi ndiye unayetakiwa uwe na karatasi inayoeleza kwa nini kiko pale.

Karatasi hiyo huanza na swali ambalo wateja hawapendi: mfumo huu ni wa kuokoa watu au mali? Kwa BS, herufi L ni uhai, P ni mali, M ni vitufe vya mkono peke yake. L1 ina maana vihisi jengo zima. L4 ni njia za kutorokea tu. Ukiandika "mfumo wa moto, jumla kihisi 60" bila kutaja daraja, hujasanifu kitu, umeandika orodha ya manunuzi.

Vipimo vya nafasi vinajulikana, ila vinasomwa vibaya. Kihisi cha moshi chini ya dari tambarare: hakuna sehemu ya chumba inayotakiwa kuwa zaidi ya mita 7.5 kutoka kwenye kihisi. Cha joto, mita 5.3. Hiyo 7.5 ni nusu kipenyo cha duara, na chumba ni mraba. Fundi akiweka vihisi mita 15 kwa 15 anaacha pembe zote tupu. Ukipanga kwa mraba, mwisho ni kama mita 10.6 kati ya kihisi na kihisi.

Betri ndiyo ukurasa ninaoufungua kwanza nikikagua kazi ya mtu, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Hesabu ya haraka: chukua mkondo (ampea, A) ambao paneli inaula ikiwa kimya, zidisha kwa saa 24, ongeza mkondo wakati ving'ora vinalia kwa nusu saa, jumla zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya betri kuzeeka. Jengo la Hajji lilikuwa linakula 0.35 A kimya na 1.2 A likilia. 8.4 ongeza 0.6 ni 9.0, mara 1.25 ni 11.25 Ah, yaani ampea kwa saa, ujazo wa betri. Ndani ya paneli nikakuta betri mbili za 7 Ah, zile zinazouzwa kila duka.

"Mbili za saba si kumi na nne?" kijana akaniuliza.

La, kaka. Umeziunga mfululizo ili upate volti 24. Volti zimejumlika, Ah zimebaki saba. Zilitakiwa mbili za 12. Sikumkasirikia. Hakuna aliyemwandikia hesabu, naye hakuulizwa.

Kisha milango, na hapa ndipo moto na ulinzi vinapogombana. Mwenye jengo anataka milango ifungwe kwa kufuli za sumaku, mtu asipite bila kadi. Moto unataka ifunguke yote. Karatasi inayoamua ugomvi huu ni jedwali la chanzo na matokeo: upande mmoja unaandika kila kitu kinachoweza kuanzisha kengele, upande wa pili kinachotokea. Kihisi cha ghorofa ya pili kikishika: king'ora kipi, lifti inashuka wapi, mlango upi unaachia. Ni ukurasa mmoja tu, na usipokuwepo ndipo fundi wa kadi na fundi wa moto humaliza kila mmoja kazi yake bila kuonana.

Tukajaribu. Nikamwomba askari wa zamu, "Afande, simama mlango wa nyuma, kengele ikilia uvute." Nikachomeka ufunguo wa majaribio kwenye kitufe cha ghorofa ya chini. Ving'ora vikalia hadi wauza simu wa nje wakachungulia. Afande akavuta mpini. Akavuta tena. Akanitazama.

Nikafungua kisanduku cha umeme wa kufuli. Rilei ya moto, swichi inayoendeshwa na paneli, ilikuwepo, imefungwa vizuri, lakini upande wa umeme unaoingia. Kengele ikilia, inakata umeme wa ukutani, na kisanduku kinahamia kwenye betri yake kama kilivyoundwa kufanya. Sumaku inaendelea kushika. Rilei inatakiwa ikate baada ya betri, kwenye waya unaokwenda kwenye kufuli yenyewe, na isipitie programu ya kadi, maana programu ikiganda mlango unaganda nayo. Tulihamisha waya mbili. Dakika ishirini. Jaribio la pili Afande alifungua kwa kidole.

Hajji alikuja jioni akitarajia cheti. Nilikuwa nimemjazia kile cha majaribio peke yake. Cha usanifu nilikiacha kitupu hadi niichore kazi upya ilivyo sasa, stoo mpya ikiwemo. Na kwenye sehemu ya tofauti na kiwango, ambayo mafundi wengi huandika "hakuna" bila kufikiri, niliandika mistari miwili: stoo ya ghorofa ya tatu haina kihisi, betri ni ndogo kuliko hesabu, zibadilishwe.

Akasoma polepole, miwani imeshuka puani.

"Kwa hiyo Injinia, cheti ninakilipia mimi, na wewe unaniandikia makosa humo humo?"

"Ndiyo Hajji. Na hapa chini kuna nafasi ya saini yako, kwamba umeyasoma."

Akakaa kimya kidogo, kisha akamwita yule kijana, akamuuliza betri za kumi na mbili zinauzwa bei gani.