Ukulele si gitaa dogo: tunayoambiwa na ukweli kuhusu kubadilisha nyuzi

"Funga hata nyuzi za chuma za gitaa, mradi zitoshe." Ushauri huu ukiufuata utalia. Ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne, ilizaliwa Honolulu, Hawaii, mikononi mwa mafundi seremala kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno, waliofika kwa meli Ravenscrag mwaka 1879, nayo ilivalishwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Siku hizi ni nailoni au fluorokaboni (aina ya plastiki), lakini mwili umebaki uleule mwepesi: ubao mwembamba, na daraja (kipande cha mbao mwilini kinachofungiwa nyuzi) lililoshikiliwa na gundi tu. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi ya kile ubao huo uliundwa kubeba. Taratibu ubao wa mbele unavimba, daraja linaanza kunyanyuka upande wa nyuma. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya daraja. Kikiingia, legeza nyuzi zote leo hii umpelekee fundi.

Nyuzi zenye waya mwembamba uliozungushiwa kiini cha nailoni ni jambo jingine. Hizo hazina neno, na ukulele ya baritoni, ile kubwa yenye sauti nzito, huzitumia mara nyingi, kwani hutyuniwa (nyuzi zake hukazwa kwa noti) D, G, B, E kama nyuzi nne nyembamba za gitaa. Na anayefunga mshipi wa kuvulia samaki msimcheke: fluorokaboni ya dukani ni jamii moja na ya wavuvi. Kazi iko kwenye kupata unene unaofaa.

"Pakiti imechanganywa, uzi wa nne mbona mwembamba?" Haijachanganywa. Mtu aliyetoka kwenye gitaa anategemea uzi wa juu kabisa uwe mnene kuliko wote, lakini kwenye ukulele ya kawaida, G, C, E, A, sauti ya ile G ni ya juu kuliko ya C. Mnene ni wa tatu. Wanaotaka G ya chini hununua uzi wake maalumu.

"Haujakatika, wa nini kuubadilisha?" Nailoni hukatika kwa nadra. Pitisha ukucha chini ya uzi, usawa wa freti (vyuma vinavyokingama shingoni) za mwanzo: ukihisi vijishimo, umekwisha. Sauti yake imefifia, na ukibonyeza freti za mbali noti haikai sawa.

"Usitoe zote kwa pamoja, shingo itapinda." Tahadhari hiyo ni ya fidla (violini), ambayo daraja lake husimama kwa mkazo wa nyuzi na ndani yake kuna kijiti kinachoweza kuanguka. Ukulele haina kijiti hicho. Toa zote, futa vumbi la miezi, kisha funga upya.

Halafu lile la kulaumu vigingi, vile vya kichwani vinavyozungushwa kukaza nyuzi. Umefunga nyuzi mpya, umetyuni, dakika tano baadaye zote zimeshuka, nawe unaamini umeuziwa ala mbovu. Nailoni hurefuka, na huchukua siku kadhaa kutulia. Inua kila uzi katikati kwa kidole, uvute polepole, tyuni, rudia. Mizunguko miwili mitatu kwenye kigingi inatosha, ikishuka kuelekea kichwani bila kupandana. Fundo kule darajani libane kabla hujakata ncha. Siku zikipita na uzi bado unashuka, tazama vigingi visivyo na gia: kila kimoja kina skrubu ndogo mwishoni. Ikaze robo mzunguko tu, ujaribu tena.