Baridi yabisi na bakteria wa fizi: kwa nini sikuandikii antibayotiki

Wagonjwa wangu wengi wa baridi yabisi (rheumatoid arthritis, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo) hufika kliniki wakiwa wameshameza dozi kadhaa za antibayotiki kutoka duka la dawa. Nawaelewa. Vidole vimevimba, vina joto, vipimo vya damu vya uvimbe, ESR na CRP, vimepanda; nani asingedhani kuna mdudu humo ndani? Hata mabingwa wa tiba wamedhani hivyo kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1912 Frank Billings wa Chicago alifundisha kwamba chanzo ni usaha uliojificha kwenye meno na mafindofindo. Watu wakang'olewa meno, viungo vikaendelea kuuma. Mwaka 1929 Mfaransa Jacques Forestier akatoa ripoti ya sindano za chumvi za dhahabu, akiamini kuwa ugonjwa huu unafanana na kifua kikuu, ambacho wakati ule kilitibiwa kwa dhahabu. Kule Sweden, daktari Nanna Svartz aliunganisha dawa ya salfa, inayopambana na bakteria, na dawa ya jamii ya aspirini, ikapatikana salfasalazini. Hiyo naiandika mpaka leo, lakini kwa ajili ya kutuliza uvimbe.

Sasa hoja ya bakteria imerudi, safari hii ikiwa na ushahidi mzito zaidi, na imerudia mdomoni. Kwenye fizi zinazooza huishi bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis. Ana kimeng'enya kinachogeuza arginini, mojawapo ya vijenzi vya protini, kuwa sitrulini. Protini iliyogeuzwa hivyo huonekana ngeni kwa kinga ya mwili. Na wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana kingamwili zinazolenga protini za namna hiyohiyo. Ndizo tunazotafuta kwa kipimo cha anti-CCP. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kingamwili hizo zinaweza kuwemo kwenye damu miaka mingi, hata kumi, kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Maana yake ugonjwa huenda unaanzia mahali pengine kabisa, mbali na viungo.

Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins walimtaja bakteria mwingine wa fizi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Sumu yake hutoboa chembe nyeupe za damu, kalisi inaingia kwa wingi, na vimeng'enya vya chembe yenyewe vinaanza kugeuza protini ovyo. Kwenye utumbo nako, utafiti wa New York wa mwaka 2013 ulikuta bakteria aitwaye Prevotella copri kwa wingi zaidi kwa wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa.

Je, hayo yanatosha kusema bakteria ndiye mkosaji? Kwangu mimi, bado. Watu tele wana fizi mbovu na hawapati baridi yabisi kamwe. Kuna jeni za kurithi za HLA-DRB1 zinazoongeza hatari, kuna sigara, na huenda uvimbe wenyewe ndio unaobadilisha bakteria wa tumboni. Naamini bakteria ni kiberiti tu kwa baadhi ya wagonjwa, na moto ukishashika, kukizima kiberiti hakusaidii. Ndiyo maana maji ya goti lenye baridi yabisi yakioteshwa maabara kwa kawaida hayaoti kitu. Antibayotiki iitwayo minosaiklini ilijaribiwa miaka ya 1990 ikaleta nafuu ya kiasi, lakini nayo hutuliza uvimbe hata pasipo bakteria, hivyo haimalizi ubishi.

Kwa hiyo nakuandikia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mapema, kabla mifupa haijaliwa. Nakuuliza pia kama fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, na kama ndiyo nakupeleka kwa daktari wa meno. Fizi zinastahili tiba kwa haki yake. Sigara nakuomba uache kabisa.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri kliniki. Kiungo kimoja kikivimba ghafla kuliko vingine, kikauma vikali, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo bakteria anaweza kuwemo kweli, na wenye baridi yabisi hupatwa na hali hiyo zaidi ya watu wengine. Maji yavutwe na kupimwa, na antibayotiki ianze kwa sindano, kwa sababu kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache.