Bei Inboksi: Kwa Nini Video Inatrendi na Mauzo Hayaonekani

Chukua mfano wa duka la madera Kariakoo. Limepandisha video ya sekunde 20, muuzaji anacheza mtindo ulioshika wiki hiyo, nguo imemkaa, mwanga ni mzuri. Video imetazamwa mara laki moja. Chini yake kuna maoni 60, na nusu nzima ni swali moja: "Bei gani?" Duka linawajibu wote kwa maneno mawili: "Njoo inboksi." Wachache wanakwenda, wengi wanapita zao. Mwisho wa wiki mwenye duka analalamika kwamba mitandao haiuzi.

Mtandao ulishafanya kazi yake pale watu 30 walipouliza bei. Iliyobaki ilikuwa kazi ya duka, na haikufanyika. Makala hii ni ya wenye biashara wa Dar es Salaam, pamoja na vijana wanaoajiriwa kushika akaunti za kampuni kubwa. Makosa yao yanafanana sana. Kinachotofautiana ni bajeti.

Trendi inavyotembea

Trendi nyingi za video fupi huanzia kwenye sauti: kipande cha wimbo, kauli ya mtu, au mdundo wenye hatua rahisi kuigwa. TikTok na Instagram hukusanya video zote zilizotumia sauti hiyo mahali pamoja, kwa hiyo anayejiunga anapanda gari ambalo tayari lina abiria. Gari lenyewe halikai kituoni. Trendi huishi siku kadhaa, ikibahatika wiki mbili tatu, kisha watu wanachoka. Kampuni ambayo video yake inahitaji saini za wakubwa wanne itafika wakati vijana wa Sinza wameshaanza kuwacheka wanaoendelea kuicheza.

Dawa ni kuamua mapema. Kaeni chini mara moja, mwandike nusu ukurasa: ni mambo gani hatuyagusi kamwe (siasa, dini, maumbile ya watu, misiba), nani anaruhusiwa kuidhinisha peke yake, na kwa saa ngapi. Trendi isipoweza kurekodiwa na kupandishwa ndani ya siku moja au mbili, iacheni ipite. Na kabla ya kurekodi jiulizeni kama bidhaa yenu ina nafasi ndani ya utani huo. Fundi wa makochi anayeonyesha kochi lililochakaa likigeuka jipya mdundo unapobadilika ana sababu ya kuwepo. Benki inayochezesha wafanyakazi wake kwa sababu tu wengine wanacheza, mtazamaji atakumbuka mauno na kusahau benki.

Kili Paul, kijana wa Kimasai aliyejulikana duniani mwaka 2021 pamoja na dada yake Neema kwa kuigiza nyimbo za Kihindi, hakuwa na studio. Alikuwa na lubega, nyasi na uso uliojua maneno. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima. Alichukua sauti iliyokuwa ikipendwa na mamilioni, akaiweka kwenye mazingira yake halisi bila kujifanya mtu wa mjini. Biashara nyingi hufanya kinyume chake: zinaiga hadi mandhari ya wenzao, halafu zinashangaa kutotambulika.

Muziki una mwenyewe

Hapa kampuni huumia bila kujua. Mwaka 2020 wimbo Jerusalema wa Master KG wa Afrika Kusini ulizua chalenji ya kucheza iliyozunguka dunia nzima, baada ya kundi la wachezaji wa Angola kujirekodi wakicheza huku wameshika sahani za chakula. Hospitali, polisi na makampuni wakajiunga. Mapema 2021 kampuni ya Warner Music nchini Ujerumani ikaanza kudai malipo ya leseni kutoka kwa taasisi zilizotumia wimbo huo kwenye video zao, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la North Rhine-Westphalia ikalipa kwa ajili ya polisi wake.

Mtu binafsi anayecheza sebuleni kwake hayuko sawa na duka linalotumia wimbo uleule kuuza bidhaa. Ndiyo maana akaunti ya biashara ya TikTok hupewa maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa kibiashara na kunyimwa nyimbo nyingi zinazotamba. Wapo wanaobadilisha akaunti kuwa ya binafsi ili waupate wimbo. Kubadilisha akaunti hakuleti ruhusa ya mwenye wimbo. Kwetu hapa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuuliza. Njia salama na ya bei nafuu ni kutengeneza sauti yenu: mlio wa cherehani, kelele za sokoni, muuzaji anavyonadi. Au tafuteni kijana wa singeli, Manzese na Tandale hawakosekani, mumlipe awatengenezee mdundo na mwandikiane karatasi inayosema utatumika wapi na kwa muda gani.

Kwa upande wa ufundi, rekodi simu ikiwa wima, ukubwa wa pikseli 1080 kwa 1920. Usiandike bei chini kabisa ya video, maana pale hufunikwa na jina la akaunti na maelezo. Iweke katikati au juu kidogo ya katikati. Maelezo ya Instagram hukatwa baada ya herufi kama 125 hadi mtu abonyeze kuendelea, kwa hiyo bei na mahali mlipo vikae kwenye mstari wa kwanza, salamu zifuate.

Dabi na misiba

Siku ya Simba na Yanga kila ukurasa hutaka kusema neno. Utani wa jadi unaruhusiwa, lakini duka lililochagua upande limewafukuza wateja wa upande wa pili kwa hiari yake, na wao hawasahau. Taniani mechi yenyewe, foleni ya kutoka uwanjani, jirani asiyelala, bila kumcheka aliyefungwa.

Msiba ni jambo zito zaidi. Anapofariki mtu anayefahamika na wengi, jambo la kwanza ni kusimamisha posti zote mlizozipanga zijipandishe zenyewe. Tangazo la "furahia wikiendi" likitokea katikati ya rambirambi linaonekana ukatili, hata kama lilipangwa wiki moja kabla. Picha ya marehemu isiwekewe namba ya simu ya duka wala ofa pembeni.

Maoni ndiyo kaunta

Turudi kwenye dera. Jibu linalouza liko hivi: "Habari dada, dera hili ni 25,000, saizi ni moja inaingia wote, zimebaki bluu na zambarau. Tupo Kariakoo, Mtaa wa Congo. Bodaboda inakuletea popote Dar, nauli inategemea ulipo." Bei, saizi, kilichopo, mahali, usafiri. Vitu vitano, sekunde 30 za kuandika, na hakuna aliyelazimishwa kujieleza faraghani.

Wauzaji huficha bei kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hofu ya mshindani, ambaye naye anaweza kuja inboksi akajifanya mteja. Ya pili ni kutaka nafasi ya kupatana. Hiyo ina mantiki, na suluhisho lake ni kutaja bei ya kuanzia au kutenganisha rejareja na jumla: "moja 25,000, kuanzia sita 21,000." Mteja akiona bei imefichwa huhisi kwamba itapimwa kwa sura ya wasifu wake, na mara nyingi hakosei. Kumbukeni pia kwamba kwa kila anayeandika "bei gani" kuna wengi waliosoma kimya wakisubiri jibu lake. Jibu moja la wazi linawahudumia wote.

Msipandishe posti kisha mkalale. Chagueni muda ambao kuna mtu wa kushika simu kwa saa moja baada ya hapo, hata kama takwimu za akaunti yenu zinaonyesha wafuasi wengi wako hewani saa 4 usiku. Bora saa 1 jioni yenye majibu. Instagram inaruhusu kubandika juu hadi maoni matatu. Moja liwe na bei na mahali, la pili liwe na jina linalotokea mteja akilipa kwa Lipa Namba. Hilo jina ni muhimu mno. Mteja wa Dar ameshatapeliwa au anamjua aliyetapeliwa. Akiona jina lisilofanana na duka, anafuta muamala.

Angalieni na namna ya kuita watu. "Mpenzi" na "bebi" kwa mteja msiyemfahamu huwakera wengi, hasa watu wazima. Dada au kaka inatosha pale jina linapojieleza. Mkiwa na shaka, "ndugu mteja" haijamuudhi mtu.

Anapolalamika mteja

Kufuta lalamiko ni kosa linalogharimu kuliko yote. Aliyeandika ameshapiga picha ya skrini, na atairudisha ikiwa na kichwa cha habari kipya: wamenifutia. Vinavyofutwa ni matusi, namba za simu za watu na viungo vya utapeli. Lalamiko la kweli linabaki.

Jibu la kwanza litoke hadharani, likitaja tatizo lenyewe: "Pole kaka, mzigo wa tangu Jumanne kutofika ni uzembe upande wetu. Tunakuandikia sasa hivi kutoka akaunti hii hii tupate namba ya oda." Nyuma ya pazia ziulizwe tu zile taarifa zisizofaa kuonwa na watu: namba ya simu, anwani, risiti. Mkimaliza, rudini pale pale muandike kwamba mzigo umefika au hela imerudishwa. Hatua hii ya tatu husahaulika sana, na bila hiyo anayesoma mwezi ujao ataona ugomvi usio na mwisho.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Matapeli hutafuta malalamiko ya wateja wa benki, mitandao ya simu na maduka. Wanafungua akaunti yenye nembo ileile, jina limeongezwa nukta au neno "huduma kwa wateja", kisha wanamjibu mteja mwenye hasira kwa upole kabla ya kampuni kuamka. Wanaomba namba ya simu, halafu namba ya siri. Mteja anaibiwa akiamini anahudumiwa. Pitieni maoni ya posti zenu kila siku, zikiwemo za zamani, muripoti akaunti hizo, na muandike wazi kwamba hamuombi namba ya siri kwa njia yoyote. Namba ya simu ya tapeli itumwe kwa ujumbe kwenda 15040.

WhatsApp bila kuchosha watu

Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ina katalogi, lebo za kutenganisha wateja, majibu ya haraka, na salamu inayojituma kwa mtu mpya au aliyekaa kimya siku 14. Orodha moja ya kutuma matangazo hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yenu. Wengi hawalijui hili, wanahesabu watu 200 kumbe waliopata ni 40. Mwombeni mteja ahifadhi namba pale anaponunua, mkimweleza atapata nini.

Kumuingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza ni tabia ya kuacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihesabu namba ya simu kuwa taarifa binafsi, na kuitumia kwa shughuli ambayo mwenyewe hakuiridhia ni kujitafutia kesi. Vivyo hivyo kubandika mazungumzo ya mteja kama ushahidi wa huduma nzuri: ombeni ruhusa, mfiche jina, picha na namba.

Mkilipa mtu maarufu awatangazie, msiangalie wafuasi. Fungueni posti zake kumi za mwisho zenye matangazo, msome maoni. Kama yote ni vicheko na emoji za moto, hakuna anayeuliza bei, mnanunua kelele. Mkataba utaje idadi ya posti, siku zitakazokaa, na kwamba ataeleza wazi kuwa amelipwa.

Hesabu

Mfano: posti imewafikia watu 3,000, maoni 40, waliohifadhi 25, waliotumia wenzao 30. Jumla 95, gawanya kwa 3,000, zidisha kwa 100: ushiriki, yaani kiasi ambacho waliofikiwa waligusa posti, ni asilimia 3.2. Linganisheni na posti zenu wenyewe za miezi iliyopita. Zawadi za "fuata, tagi watu watatu ushinde" hupandisha wafuasi na kushusha hesabu hii, kwa kuwa waliokuja walifuata zawadi na hawatagusa posti zinazofuata; na droo ya bahati inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Kando ya asilimia hiyo wekeni daftari lenye safu nne: maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa ndani ya saa moja, yaliyofika inboksi, yaliyolipwa. Anzeni na posti kumi za mwisho. Hesabuni "bei gani" zote ambazo bado hazina jibu, mzijibu leo, hata kama ni za mwezi uliopita na mzigo umekwisha. Waambieni mzigo mwingine unaingia lini.