Kwa nini kibao kikubwa cha kukatia hupasuka, na kiundweje kidumu?

Je, wajua kwamba kinachopasua kibao kipana cha kukatia nyama mara nyingi si panga? Mbao hunywa unyevu na kuutoa muda wote. Ikinywa hutanuka kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei. Kibao cha mtiki cha sentimita 45 husinyaa karibu milimita 3 unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 10, kama kikitoka Tanga kwenda kukaa Dodoma. Anayekipigilia papi chini kwa misumari ili kisipinde anakizuia kusogea, nacho hupasuka.

Kwa hiyo usitumie ubao mmoja mpana. Chukua mbao kavu ya mtiki ya inchi 2 kwa 6, mita 2.5. Ukavu upime kwa mizani: uzito wa kipande ukiacha kushuka wiki hadi wiki, iko tayari. Irande ifike unene wa milimita 45, ipasue kwa upana huohuo, kisha kata vipande vya sentimita 60. Utapata 12, chagua 10 vilivyonyooka. Kila kimoja kigeuze kilalie ubavu, mistari ya umri wa mti isimame wima. Mtiki uliosimama hivyo husogea karibu nusu tu ya uliolala.

Mtiki una mafuta yake, hivyo randa vipande na uvigundishe ubavu kwa ubavu siku hiyohiyo. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Tafuta inayostahimili maji, yenye alama ya D3 au, bora zaidi, D4. Jiriwa (vibanio vya kukaza) zikae kila sentimita 20, moja juu, moja chini. Kaza mpaka gundi itokeze vitone vidogo, basi. Ukizidisha, yote hukamuliwa nje na kiungo hubaki kikavu. Acha saa 24.

Piga msasa namba 80, 120, 180. Lowesha uso, ukikauka nyuzi zitasimama. Zimalize kwa 220.

Sasa kipake mafuta, ila si ya alizeti: hayo hunata na kuvunda. Nunua duka la dawa parafini ya maji, ile ya kunywa kulainisha choo (siyo mafuta ya taa, ingawa Kenya huitwa parafini pia). Paka pande zote mbili sawasawa, na zaidi kwenye ncha, maana huko ndiko mbao hunywa haraka. Upande mmoja ukiachwa mkavu, kibao hupinda. Baada ya kuosha kisimamishe wima, na usikiloweke kwenye beseni.