Mlio usiosikika ndani ya fuwele

Malindi na eksirei wanajuana zamani, na si hospitalini tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco pale baharini Ngomeni, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Leo tuzifuate eksirei hizo kwenye kitu kidogo mno: fuwele ya semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu.

Kuna fuwele zinazojengwa tabaka juu ya tabaka, galiamu asenaidi ikipokezana na alumini asenaidi, kila tabaka nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukiipiga kwa leza ya muda mfupi sana, hutanuka ghafla, na mtanuko huo huzaa sauti. Humo sauti hukimbia takriban kilomita 5 kwa sekunde. Jozi ya tabaka ikiwa na unene wa nanomita 5, mtetemo wake unafika kama mara trilioni moja kwa sekunde. Sikio letu hukomea 20,000. Unene wa tabaka ndio unaoamua mlio, kama urefu wa uzi wa udi. Anayeijenga fuwele ndiye anayechagua noti.

Sasa, hakuna kamera ya kuwahi kasi hiyo. Hila yake mimi huifurahia kila nikiieleza. Leza inatangulia, mpigo mfupi wa eksirei unafuata. Katika sehemu moja ya trilioni ya sekunde mwanga husafiri milimita 0.3 tu. Basi kioo kinachoakisi leza kikisogezwa milimita 0.15, mwanga ukienda na kurudi, tayari umebadilisha muda kati ya mipigo kwa kiasi hicho hicho. Unapima, unasogeza kioo, unapima tena, hadi mtetemo mzima ujitokeze.

Kinachopimwa ni madoa ya eksirei zinazotoka kwenye fuwele. Eksirei zikipita kwenye atomi zilizopangwa hutoka kwa pembe maalumu, jambo alilolifafanua mwanafizikia William Lawrence Bragg mwaka 1912. Kando ya doa kuu huwa na madoa madogo yanayotokana na tabaka. Yaking'aa na kufifia kwa zamu, hiyo ndiyo sauti.

Mashine za kutoa mipigo mifupi hivyo ya eksirei ni chache. Ile ya Stanford, Marekani, ilianza 2009.

Faida yake? Joto. Ndani ya semikondakta, joto husafirishwa zaidi na mitetemo ya atomi, kwa hiyo kwa kupanga unene wa tabaka mhandisi anaweza kuzuia baadhi ya mitetemo na kupunguza joto linalopita.