Je, wajua kwa nini mifarishi ya kale huonyeshwa kwenye chumba chenye giza?

Claverton Manor ni jumba la mashambani karibu na Bath, Uingereza. Lilisanifiwa na Jeffry Wyatville miaka ya 1820, na tangu 1961 ni makumbusho ya sanaa za nyumbani za Marekani. Humo mna mifarishi zaidi ya 200: matandiko ya viraka, yenye pamba katikati, tabaka zote tatu zikashonwa pamoja.

Tatizo ni nyumba yenyewe. Jumba la namna hii hujengewa madirisha marefu ili wenyewe waone bonde, na mwanga huo ndio unaoua kitambaa. Nguo za kale huwekewa kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) huzuiwa kwa utando wa vioo. Madhara hujumlishwa: saa moja ya jua la luksi 50,000 ni sawa na saa 1,000 za luksi 50, yaani siku 125 za maonyesho ya saa nane kwa siku. Ndiyo maana mfarishi hutundikwa miezi michache kisha hurudishwa stoo. Watu husema "unapumzishwa", lakini rangi iliyopauka hairudi. Hesabu imesimama tu.

Kuna uharibifu ambao giza haliuwezi. Tazama mfarishi wa karne ya 19: viraka vya kahawia vimemomonyoka, vyekundu vya jirani vizima. Rangi nyingi za kahawia na nyeusi zilishikizwa kwa chumvi za chuma pamoja na tanini (kemikali ya mimea), na chuma huchochea nyuzi za pamba kuoza. Kushona kiraka kipya juu yake ni kosa, kwani sindano hupasua zaidi. Hufunikwa kwa wavu mwembamba wa nailoni, ukashikizwa kwenye kitambaa kizima pembeni.

Stoo, mfarishi haukunjwi, maana nyuzi hukatikia kwenye mkunjo. Huviringishwa kwenye bomba pana lililofungwa karatasi isiyo na asidi.

Mfarishi ukiwa na sufu, nondo hutaga humo na viwavi wake huila. Dawa ni baridi: nyuzijoto -30 kwa siku tatu, au -18 kwa wiki mbili, ndani ya plastiki iliyozibwa. Ukitolewa, plastiki isifunguliwe kabla ya saa 24; ikifunguliwa mapema, unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya kitambaa baridi na rangi huchuja.