Mfereji hauna nguvu, maji yana mchanga: anzia ndani ya nyumba

Kila maji yanaporudi baada ya mgao, simu za malalamiko hufuatana. Mfereji wa jikoni unadondoka tu, ndoo imebakia mchanga chini, kanzu nyeupe imeingia rangi ya kutu. Sisi Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) tunayapokea yote, na mengine yanatuhusu sisi wenyewe. Lakini mara nyingi fundi wetu akifika hukuta kasoro ipo baada ya mita ya maji, na hapo ni kwa mwenye nyumba, si kwetu.

Maji ya Unguja na Pemba kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi, visimani na kwenye chemchemi, na yakipita katika mawe ya chokaa huichukua. Ndiyo huo ukoko mweupe wa ndani ya birika, na ndiyo inayoziba vitundu vya shawa. Kichwa cha shawa kiloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi kisugue kwa mswaki mkuukuu. Mchanga na kutu ni jambo jengine. Laini ikikaa bila ya maji uchafu hutua chini, na maji yakirejea kwa kasi huuzoa wote. Kwa hiyo siku hiyo usikimbilie kujaza tangi. Fungua kwanza mfereji wa nje ulio karibu na mita mpaka maji yasafike. Hayo ya mwanzo mwagilia miti.

Na jamani, maji yakitoka na weupe si lazima kuwa tumezidisha dawa ya kusafishia maji. Yatie kwenye gilasi uyatazame. Yakianza kusafika kutoka chini kwenda juu, huo ni upepo tu uliobanwa ndani ya bomba. Tumeshalisema hili mara ngapi!

Kuhusu presha, linganisha mifereji. Wa karibu na mita ukiwa na nguvu na wa jikoni hauna, laini ya mtaani haina kosa. Fungua kichujio cha mdomoni mwa mfereji, utakuta chembe zimejaa. Kama nyumba bado ina mabomba ya chuma ya zamani, kutu huota ndani mpaka bomba la nusu inchi likabakia na tundu la penseli. Hilo halisafishiki, libadilishwe. Wengine hununua tangi la lita 2,000 badala ya la 1,000, wakaliweka pale pale, kisha wakalalamika. Ukubwa wa tangi hauongezi nguvu, kinachoongeza ni urefu wa kinara linapokaa tangi: kila mita 10 za kwenda juu hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), basi kinara cha mita 3 kinakupa bar 0.3 tu.

Kubwa zaidi ni pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaa. Pampu ikivuta kuliko maji yanayokuja, presha ndani ya bomba hushuka, na kila ufa ulioko njiani huanza kunyonya kilicho nje yake. Penye karo (shimo la maji machafu) jirani, kinachonyonywa ni maji ya karo, na anayeyanywa pengine ni jirani asiyekuwa na pampu. Njia sahihi ni maji ya laini yaingie tangi la chini lenye boya, na pampu ivute kutoka humo kupeleka juu.

Mamlaka inafanya kazi chini ya Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, na kuchezea miundombinu bila ya idhini ni kosa. Tunaeleza ili watu wasiseme hawakuambiwa: huduma inaweza kukatwa, gharama za kuirejesha zikabebwa na mwenye akaunti, na suala likafikishwa mbele ya vyombo vya sheria. "Fundi ndiye aliyefunga" haimwondolei mwenye akaunti dhamana.

Ukija kulalamika, njoo na bili ya karibuni, taja shehia, saa ambazo maji hupungua, na kama majirani nao wamepungukiwa. Hilo la mwisho ndilo watu wengi hawaulizi, na ndilo linalotuonesha kama tuanzie mtaani au mlangoni kwako. Fundi akifika, mtake kitambulisho kabla ya kumfungulia geti, na kama kuna malipo yoyote, dai risiti.